Kutoka Njombe hadi Makao Makuu: Historia ya Safari Iliyobadili Njia

Mkazi wa Njombe mwenye shida na wizara leo hupanda basi alfajiri, akiwa amejifunga koti kwa sababu ya baridi. Baada ya kilomita 60 hivi anapita Makambako, anaingia barabara kuu, anavuka misitu ya misonobari ya Sao Hill na kufika Mafinga, kisha Iringa. Hapo basi lake linaachana na magari ya Dar es Salaam. Linashika njia ya kaskazini, linateremka milima ya Nyang'oro, linavuka bwawa la Mtera na kuingia katika nchi ya mibuyu na joto, na siku hiyohiyo abiria yuko Dodoma. Mzazi wake, kwa shida ileile, angekwenda Dar es Salaam. Babu yake angepita Dodoma na kuendelea mbele, kwa kuwa Dodoma haikuwa mwisho wa safari. Ni nchi ileile, na watu walewale wa Njombe, lakini njia ya kwenda serikalini imegeuka zaidi ya mara moja. Mgeuko huo una sababu zake, na sababu hizo zinaanzia mbali.

Kabla ya ukoloni, swali la makao makuu halikuwa na jibu moja katika nyanda za juu za Njombe na Iringa. Wabena wa Njombe walikuwa na watawala kadhaa, na mamlaka yalikaa pale alipokaa mtwa, yaani mtawala, na watu wake. Kaskazini yao Wahehe walijenga dola yenye nguvu chini ya Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa, ambaye ngome yake ilikuwa Kalenga. Kusini walikuwapo Wangoni. Mtu wa Ubena aliyetaka haki, ardhi au amani alitembea kwa miguu siku chache tu na kuonana uso kwa uso na mwenye uamuzi.

Wakati huohuo, pwani, mji mwingine ulikuwa unaanza. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, akivutiwa na bandari yake iliyojificha na yenye maji ya kina. Alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Wajerumani walipokuja waliweka kwanza makao yao Bagamoyo, kwa kuwa huko ndiko misafara ya bara ilikoishia na fedha ilikokuwa. Lakini Bagamoyo haina bandari ya kina, na meli zililazimika kutia nanga mbali na ufuko. Dola inayotegemea meli kwa askari, silaha na barua haiwezi kuvumilia jambo hilo kwa muda mrefu, na mwaka 1891 makao ya koloni yakahamia Dar es Salaam. Wasomaji wakumbuke sababu hiyo. Dar es Salaam ilichaguliwa kuwa mji mkuu kwa kuitazama bahari, na aliyekuwa bara hakuwamo katika hesabu.

Mwaka huohuo wa 1891, mwezi Agosti, jeshi la Mkwawa lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo. Kalenga ilianguka mwaka 1894, boma la Iringa likaanzishwa mwaka 1896, na Mkwawa akajiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Kwa Wabena matokeo yalikuwa wazi: serikali mpya haikuwajia kutoka Dar es Salaam moja kwa moja, iliwajia kupitia maboma. Gavana hakuonekana. Aliyeonekana ni askari wa boma na mdai kodi ya kibanda, na jengo la kwanza la serikali ambalo watu wengi wa nyanda hizi walilijua lilikuwa na kuta nene na mahabusu ndani yake.

Chuki dhidi ya utawala huo ilijitokeza katika Vita vya Maji Maji. Mwezi Septemba 1905 wapiganaji wa Kingoni, pamoja na baadhi ya Wabena, waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Wapo wanaoeleza kwamba misheni ililengwa kwa sababu ilionekana kuwa mkono wa serikali. Wengine wanatazama zaidi uhusiano wa kale kati ya Wabena, Wangoni na Wahehe, na kila mtawala alivyopima faida yake. Nadhani maelezo haya mawili yanakwenda pamoja, kwa sababu mahali ambapo boma liko mbali, misheni ndiyo nyumba ya Mzungu iliyo karibu. Umbali wa serikali ulikuwa sehemu ya hasira na pia sehemu ya mbinu za vita.

Reli ya Kati ndiyo iliyofuata. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli hii haikugusa Njombe wala Iringa, lakini iliiinua Dodoma, ambayo hapo awali ilikuwa kituo cha kawaida katika nchi kavu ya Wagogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza ziliishambulia Dar es Salaam kwa mizinga mwishoni mwa 1914 na kuiharibu nyumba ya gavana. Ubaya wa mji mkuu ulio ufukweni ukajulikana. Wajerumani wakahamishia shughuli za serikali Morogoro, kisha Tabora, ambako mwaka 1916 walifikia hata kupiga sarafu zao wenyewe.

Mwaka huo unaonyesha jinsi Njombe ilivyokuwa mbali na mji mkuu. Jenerali Edward Northey aliingia na majeshi yake kutoka upande wa Nyasaland, na katikati ya mwaka 1916 Njombe ilikuwa tayari mikononi mwake. Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba, na Tabora ikafuata mwezi huohuo. Watu wa Njombe walibadilishiwa mtawala kabla ya mji mkuu wao kubadilishiwa. Nchi ilikuwa moja kwenye ramani ya Berlin, lakini ardhini nyanda za kusini zilielekea Ziwa Nyasa kwa urahisi zaidi kuliko zilivyoelekea bahari.

Waingereza walijenga upya nyumba ya gavana, ambayo ndiyo Ikulu ya Magogoni, na ilikamilika mwaka 1922. Njombe ikawa makao ya wilaya. Sasa tazama barabara. Njia kuu ya magari iliyounganisha Rhodesia na Kenya ilitoka Mbeya, ikapita Iringa, ikapanda kaskazini hadi Dodoma na kuendelea Arusha. Idara ya reli iliendesha huduma ya magari kutoka stesheni ya Dodoma kwenda Iringa na Mbeya. Kwa hiyo karani, mwalimu au mchungaji wa Njombe aliyeitwa Dar es Salaam alipanda lori au basi hadi Dodoma, akalala hapo, kisha akangoja gari moshi la kwenda pwani. Miaka mingi kabla haijatangazwa makao makuu, Dodoma ilikuwa imekwisha kuwa mlango wa watu wa Iringa na Njombe kuelekea serikalini. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, na bila kulijua hatuwezi kupima sawasawa yaliyokuja baadaye.

Safari za watu wengi wa kawaida, hata hivyo, hazikuwa za kwenda ofisini. Ubena ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa manamba wengi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 shirika la wenye mashamba, SILABU, liliratibu uandikishaji wao. Vijana waliondoka kwa mikataba ili wapate fedha ya kodi na ya mahari. Upandaji wa miwati Njombe, ulioanzishwa na kampuni ya TANWAT mwaka 1949, ulileta ajira nyumbani, lakini haukuizuia safari ya pwani. Manamba alirudi akiwa ameona reli, meli na taa za umeme. Serikali yenyewe hakuiona. Majengo ya Kivukoni yenye varanda pana yalikuwa ya mabwana na makarani, na ukumbi wa Karimjee, ulikokutana wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya mwisho ya ukoloni, haukuwa mahali pa kuingia mvunaji wa mkonge.

Uhuru wa mwaka 1961 uliigeuza maana ya majengo hayo kwa ghafla. Ikulu ilikuwa ya gavana, na mwaka 1962 ikawa ya Rais Julius Nyerere. Karimjee ikawa Bunge. Sasa watu wa Njombe walikuwa na mbunge wao mle ndani, na serikali ikawa kitu ambacho mwananchi alistahili kukiuliza. Hapo ndipo swali la umbali lilipoanza kuuma, kwa sababu haki ya kuuliza haina nguvu kwa mtu asiye na nauli. Hoja ya kuhamisha makao makuu ilizungumzwa katika miaka ya 1960 bila kufaulu, kikwazo kikiwa gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama tawala, TANU, kililipeleka suala hilo kwenye matawi yake nchi nzima, na mwaka 1973 chama kikaamua kwamba serikali ihamie Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi waliijua kwa herufi zake CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Ilikusudiwa kwamba kazi ingechukua miaka kumi.

Kwa nini Dodoma? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba iko katikati ya nchi na inafikika kutoka pande zote. Maelezo ya pili ni ya kiitikadi: Dar es Salaam ulikuwa mji wa sultani na wa wakoloni, na taifa lililoshika Azimio la Arusha lilitaka makao yanayofanana na vijiji vyake, ndiyo maana Nyerere alijenga Ikulu ndogo Chamwino, kando ya kijiji cha ujamaa. Maelezo ya tatu ni ya usalama, maana mji wa ufukweni hushambulika, kama ilivyoonekana mwaka 1914. Yapo pia ya kiuchumi, kwamba maendeleo yalirundikana pwani. Kwangu mimi ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Tabora nayo iko bara, nayo iko kwenye reli, na Iringa ina maji na hewa nzuri kuliko Dodoma. Lakini Dodoma ilikuwa maskini, na kuuweka mji mkuu mahali maskini kulikuwa tamko.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa watu wa Njombe na Makambako, lina uzito kuliko yote. Katika miaka ileile ambayo chama kilikuwa kikiisogeza serikali bara, kazi mbili kubwa zilikuwa zikiifunga nchi yao na Dar es Salaam. Ya kwanza ni barabara ya Tanzam. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya baharini isiyopita kusini. Lami ikawekwa kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, kupitia Morogoro, mlima Kitonga, Iringa na Makambako, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa tayari. Ya pili ni reli ya TAZARA. Ujenzi ulianza mwaka 1970, njia ikakamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Kipande kigumu kuliko vyote katika reli hiyo kiko mlangoni mwa Makambako. Treni inapotoka bonde la Kilombero na kuacha Mlimba, inapaswa kupanda ukuta wa milima hadi uwanda ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mahandaki mengi ya reli nzima yamo katika kilomita 157 hizo za kutoka Mlimba hadi Makambako, na madaraja yake yamesimama juu ya makorongo ambayo hata wawindaji waliyakwepa. Mafundi wa Kichina na wafanyakazi wa Kitanzania walichimba mlima kwa mlima, na baadhi yao hawakurudi kwao. Makambako, iliyokuwa njia panda, ikawa mahali ambapo reli na lami hukutana, na katika miaka ya 1980 barabara ya lami kwenda Njombe na Songea ikaikamilisha njia panda hiyo. Magunia ya viazi na mahindi, mbao na watu, vyote vikamiminikia Makambako, na kutoka hapo vyote vikaelekea upande mmoja: pwani.

Barabara ya kwenda Dodoma ilibaki ya vumbi. Bwawa la Mtera lilipojengwa, daraja la njia hiyo likawa ukuta wa bwawa lenyewe, lakini lami haikuja. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha kusudi la mwaka 1973. Kwenye ramani makao makuu yalikuwa yamewakaribia watu wa Njombe kwa zaidi ya kilomita 200. Barabarani, Dar es Salaam ilikuwa haijawahi kuwa karibu kiasi hicho.

Ndiyo maana kwa kizazi kizima, kuiona serikali kwa mara ya kwanza kulikuwa kufika Dar es Salaam. Mwalimu wa shule ya msingi aliyecheleweshewa mshahara, au mjane aliyefuatilia mafao, alipanda TAZARA Makambako na kusafiri usiku mzima. Alishuka stesheni ya Barabara ya Pugu na kumtafuta ndugu wa kumpa mahali pa kulala, kwa sababu nyumba ya wageni ingemaliza fedha kabla ya shida kutatuliwa. Asubuhi alikwenda Kivukoni au Magogoni akiwa na barua ya utambulisho mkononi na koti lake la Njombe begani, jasho likimtiririka. Alipanga foleni mbele ya dirisha la masijala. Karani alitafuta jalada katika rundo lililofungwa kwa kamba, akasema halijaonekana, njoo kesho. Kesho ikazaa keshokutwa. Watu waliokwenda kwa siku tatu walikaa wiki tatu, na wengine waliuza saa au redio ili wapate nauli ya kurudi. Inafaa tuseme wazi kwamba gharama ya serikali iliyo mbali haikulipwa na hazina. Ililipwa na watu kama hao, mifukoni mwao.

Mbona basi miaka kumi iligeuka kuwa zaidi ya arobaini? Jibu la kwanza ni fedha, nalo lina ushahidi: bei ya mafuta ilipanda mwaka uleule wa uamuzi, ukame ukafuata, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979, halafu uchumi ukayumba katika miaka ya 1980. Jibu la pili ni utashi: wakubwa walikuwa na nyumba, shule za watoto na biashara Dar es Salaam, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungasha. Fedha zinaeleza vizuri miaka kumi na tano ya mwanzo. Hazielezi miaka iliyofuata, ambapo serikali iliendelea kujenga maghorofa mapya Dar es Salaam kwa fedha ambazo zingetosha kuanza Dodoma. Kwa kipindi hicho naona jibu la utashi lina haki zaidi.

Chama ndicho kilichotangulia, maana CCM, iliyozaliwa mwaka 1977, iliweka makao yake makuu Dodoma. Bunge likafuata mwaka 1996, na jengo lake jipya, lenye ukumbi wa mviringo, likaanza kutumika mwaka 2006. Hapa Njombe ina fungu lake. Jackson Makwetta, mbunge aliyetoka huko, aliongoza tume ya rais ya elimu iliyoteuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambayo bado hutajwa kwa jina lake. Anne Makinda aliingia bungeni mwaka 1975, enzi za Karimjee, akahama na Bunge kwenda Dodoma, na mwezi Novemba 2010, akiwa mbunge wa Njombe Kusini, akachaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Tanzania. Wanafunzi na vikundi vya akina mama waliosafiri kutoka jimboni kwake walikaguliwa getini, wakapanda jukwaa la wageni, wakasikiliza maswali na majibu, na baada ya hapo wakatambulishwa kwa jina la shule au kikundi, nao wakasimama ili waonekane. Kwa watu ambao babu zao waliijua serikali kama boma la kodi, kutambulishwa hivyo mbele ya Bunge hakukuwa jambo dogo.

Tarehe 1 Machi 2012 Njombe ikawa mkoa, ikijitenga na Iringa. Mambo mengi yaliyokuwa yakimpeleka mtu Iringa yakaanza kumalizwa nyumbani. Katika muongo huohuo lami ikaunganisha Iringa na Dodoma kupitia Mtera, na kwa maoni yangu kilomita hizo 260 hivi zimefanya kazi kubwa kuliko matamko yote yaliyozitangulia. Kwa hiyo Rais John Magufuli alipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma bila kuchelewa, kwa mara ya kwanza watu wa nyanda za juu kusini walikuwa na njia ya lami ya kuifuata. Waziri Mkuu alihamia mwaka huohuo, Makamu wa Rais mwaka 2017, Rais mwenyewe mwaka 2019. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji na Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza makao makuu. Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa tarehe 13 Aprili 2019, na Ikulu mpya ya Chamwino tarehe 20 Mei 2023.

Mtumba iko upande wa mashariki, nje ya mji wa zamani, na mgeni wa mara ya kwanza hushangazwa na nafasi iliyopo. Kivukoni wizara zilibanana na bandari na soko la samaki. Hapa zimepangwa kando ya barabara pana, kila moja katika kiwanja chake, juu ya udongo mwekundu ambao hivi karibuni tu ulikuwa vichaka na mashamba. Kwanza zilijengwa ofisi ndogo za chini, upesi upesi, ili watumishi wapate pa kukaa. Baadaye yakapanda maghorofa yaliyokusudiwa kudumu. Mwalimu wa Makambako ambaye zamani angeranda mitaa ya pwani sasa hutafuta kwanza TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa kuwa ndiyo inayosimamia halmashauri yake, na akiwahi mapema huweza kumaliza na kulala njiani Iringa.

Lakini si kila jalada limehama. Taasisi kadhaa za umma bado zina makao yake makuu pwani, na TAZARA ni mojawapo. Ofisi yake kuu iko Dar es Salaam, ilikokuwa tangu reli ilipoanza. Mstaafu wa reli aliyejenga nyumba yake Makambako, hatua chache kutoka stesheni, akiwa na dai linalohitaji kumalizwa makao makuu ya shirika, haelekei Mtera. Anashika njia ileile ya Kitonga na Morogoro.